Kinanda cha mianzi cha Las Piñas: kipigwe au kifungiwe?

*Kimevuka miaka 200 katika nchi ya fukusi, vimbunga na matetemeko ya ardhi. Ubishi uliobaki ni juu ya namna ya kukitunza.*

Mwaka 1973, katika karakana ya Johannes Klais mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, kilitengwa chumba chenye hewa isiyo ya pale. Joto lake na unyevu wake vilidhibitiwa vifanane na vya Manila, usiku na mchana, hata majira ya baridi ambapo hita huikausha hewa ya kila jengo la Ulaya. Humo yaliwekwa mabomba ya mwanzi, mengine manene kama mkono, mengine membamba kama kidole, yaliyosafirishwa kutoka kanisa la Mtakatifu Yosefu huko Las Piñas, Ufilipino. Mwanzi uliozoea unyevu wa pwani ukikaa kwenye hewa kavu hupasuka kwa urefu wake, na bomba lenye ufa haliimbi tena, linavuja pumzi tu. Karakana hiyo ilikuwa ikijenga vinanda vya makanisa tangu 1882, lakini kwa kazi hii mafundi wake walilazimika kutengeneza kwanza hali ya hewa, ndipo waguse kinanda.

Sehemu ya mabomba ilipelekwa Japani kwa fundi Hiroshi Tsuji, na kanisa lenyewe likakarabatiwa nyumbani huku kinanda kikiwa safarini. Machi 1975 kikarejea. Mei ya mwaka huo Wolfgang Oehms, mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Trier, alikipiga katika onyesho la kukizindua upya, na mwaka uliofuata likaanzishwa tamasha la kimataifa la kinanda hicho, ambalo limekuwa likifanyika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2003 Makumbusho ya Taifa ya Ufilipino yakakitangaza kuwa hazina ya utamaduni wa taifa.

Cheo hicho ndicho kinachozidisha ubishi. Hazina, kwa mazoea ya watu wengi, huwekwa mahali penye kufuli, ikatazamwa kwa mbali na kuguswa kwa nadra. Hii ya Las Piñas iko palepale ilipojengwa, kwenye roshani ya kanisa la parokia linalotumika kila siku, na inapigwa. Kila misa inaongeza mguso wa vidole juu ya vitufe, kila tamasha linaingiza pumzi mpya kwenye mianzi iliyokatwa mwaka 1816. Wapo wanaoona huo ni uzembe wenye heshima, yaani kuitumia mali ya vizazi vyote kana kwamba ni mali ya kizazi kimoja. Makala haya yanashika upande wa pili: kwamba kinanda cha namna hii kimeokolewa na kupigwa, na kwamba kufuli la makumbusho linakinga kidogo kuliko fundi anayeishi jirani.

Padri, ufukwe na fukusi

Aliyekijenga ni Diego Cera, mtawa Mhispania wa shirika la Waaugustino Warekoleti, aliyezaliwa mwaka 1762 na kufika Las Piñas mwaka 1795 akiwa paroko wake wa kwanza. Mahali hapo, ambapo leo pamemezwa na jiji la Manila na panajulikana kwa kiwanda cha kuunda jeepney, magari ya abiria yenye mapambo, palikuwa kijiji cha wavuvi na wavuna chumvi. Cera alianza na kanisa, la mawe, lililochukua zaidi ya miaka 20 kukamilika. Kabla halijaisha alikwisha kuanza kinanda. Mabati ya risasi na ya bati ambayo mafundi wa Ulaya hukunja kuwa mabomba yalikuwa adimu na ghali; mwanzi ulikuwa umejaa.

Ila mwanzi una adui. Ndani yake mna wanga na sukari, na hicho ndicho chakula cha fukusi. Msomaji wa Iringa au Njombe, anayeufahamu mwanzi kwa ulanzi na kwa matenga, anajua jinsi ubao wake unavyogeuka unga ndani ya miaka michache ukiachwa hivihivi. Cera aliikata mianzi yake mwaka 1816 na kuifukia kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi mingi, hadi maji ya chumvi yakaondoa ule utamu. Iliyotoka salama ndiyo iliyostahili kujengewa. Kilichofuata ni kazi ya kutoboa vifundo vya ndani ili mwanzi uwe mrija mmoja, kukata mdomo wake kwa kisu, na kujaribu upepo. Bati hukunjwa kwa kipimo; mwanzi hauna kipimo. Kila mmoja una unene wake na upana wake, kwa hiyo kila bomba lilidai sikio lake.

Mwaka 1821 kinanda kilikuwa kinasikika, lakini bila tarumbeta zake. Bomba la tarumbeta huanza jembamba na kupanuka kuelekea juu, umbo ambalo mwanzi hauna kwa asili, na sauti yake hutoka kwenye ulimi wa shaba unaotetema. Cera alikubali mwishowe kutumia chuma, akamaliza mwaka 1824. Hesabu ikawa mabomba 1,031, kati yake 902 ya mwanzi na 129 ya chuma. Tarumbeta zimelazwa mbele, zikiwaelekea waumini, kama ilivyo desturi ya vinanda vya Uhispania. Kwa desturi hiyohiyo rejista zake, 23 kwa jumla, nyingi zimegawanywa nusu kwa nusu, ili mkono wa kushoto uweze kuwa na sauti moja na wa kulia nyingine juu ya safu ileile ya vitufe. Ipo rejista ya kuiga ndege na ipo ya kuiga ngoma. Wanaodhani kila kitu cha kale cha kanisa lazima kiwe kizito hapa watapata mshangao.

Kimuziki, matokeo yake si ya kawaida. Mwanzi hutoa sauti laini, yenye pumzi kidogo mwanzoni mwa kila noti, karibu na filimbi ya mchungaji kuliko na mngurumo wa kanisa kuu. Tarumbeta zikiongezwa, ukali wa chuma unakuja juu ya ulaini huo bila kuumeza. Hapana fundi leo anayeweza kuagiza sauti ile kwa katalogi, kwa sababu sehemu yake imetokana na kutofanana kwa mianzi yenyewe.

Walipokinyamazisha

Historia iliyofuata inafaa kusomwa polepole, maana ndiyo ushahidi mkuu katika ubishi huu. Cera alifariki mwaka 1832. Katika karne hiyo matetemeko ya ardhi yalilitikisa eneo la Manila mara kadhaa, lile la 1863 na lile la 1880 yakiwa mabaya zaidi, na kimbunga cha 1882 kikaja juu yake. Paa la kanisa liliharibika na mvua ikaingia. Mabomba yakang'olewa na kuwekwa stoo, na kwa miaka kinanda hakikupigwa.

> Uharibifu mkubwa wa kinanda hiki ulitokea wakati hakuna aliyekuwa akikipiga.

Tetemeko hubomoa kwa dakika moja, lakini dakika ile haikukimaliza. Kilichokidhoofisha ni miaka iliyofuata ya kukaa kimya. Mabomba yaliyowekwa stoo huchanganyika, hupotea, hugeuzwa kiota cha panya. Ngozi za mivukuto hukakamaa na kuchanika. Vilango vidogo vya mbao vinavyofungua upepo hupinda na kushindwa kukaa sawa. Na juu ya yote hayo, hufa watu waliokuwa wanajua bomba lipi linakaa tundu lipi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika wamisionari wa Ubelgiji wa shirika la CICM, walewale wa Scheut walioingia Kongo mwaka 1888, na chini yao kinanda kikafufuliwa kwa sehemu. Baadhi ya mabomba yalilia, mengine hayakulia. Hali hiyo ya nusu uhai ndiyo iliyodumu hadi miaka ya 1970.

Halafu kuna Februari 1945. Katika vita vya kuikomboa Manila, mji wa kale wa Intramuros, uliokuwa na makanisa saba, ulipigwa mizinga hadi likabaki limesimama moja tu, la San Agustín. Vinanda vya makanisa mengine vilikwenda na majengo yake. Las Piñas ilikuwa pembeni, kijiji kisicho na ngome ya kugombaniwa. Udogo wake ulikuwa kinga ambayo hakuna mlinzi wa urithi angeweza kuipanga.

Umaskini uliohifadhi

Udogo huo si bahati ya Ufilipino peke yake, na hapa inafaa kutazama mbali kidogo. Katika eneo la Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kijiji cha Rysum kina kinanda ambacho asili yake inahesabiwa kuwa ya mwaka 1457, kazi ya fundi Harmannus wa Groningen. Kumbukumbu za huko zinasimulia kwamba wanakijiji waliomba ruhusa ya kuvusha ng'ombe wao wanono ng'ambo ya mto Ems ili walipie kinanda hicho. Kina rejista saba tu, na kinapigwa hadi leo. Miji mikubwa ya Ulaya yenye fedha iliuza au kuvunja vinanda vyake vya zamani kila mtindo wa muziki ulipobadilika. Ikaweka vipya, kisha vipya zaidi. Rysum haikuwa na uwezo wa kufuata mitindo. Kijiji kiliendelea na kilichokuwapo, kikakitengeneza kila kilipoharibika.

La maana zaidi kwa hoja yetu ni nani aliyekirudisha kinanda cha Rysum katika hali yake karibu na mwaka 1960. Ni Jürgen Ahrend na Gerhard Brunzema, mafundi wawili walioanzisha karakana yao mwaka 1954 mjini Leer, ndani ya Ostfriesland hiyohiyo. Huko walifanya kazi wakizungukwa na mlio wa vinanda vile. Kipindi hicho mafundi wengi wa Ulaya waliokabidhiwa chombo cha kale walikuwa wakikiboresha: upepo mpya, mabomba yaliyochongwa upya midomo ili yalie kwa mtindo wa siku zao. Wawili hawa walijifunza kwa kuiga walichokikuta. Karakana yao baadaye ikawa mfano kwa mafundi wa Ulaya nzima, lakini chanzo chake kilikuwa eneo dogo lenye vinanda vingi vya zamani vilivyokuwa bado vinatumika, na kwa hiyo vilihitaji fundi mara kwa mara. Pasipo kazi ya kila mwaka hapana karakana, na pasipo karakana ufundi unabaki vitabuni.

Hoja ya kukifungia

Wenye kutaka kinanda cha Las Piñas kipumzishwe hawasemi ovyo, na hoja yao inastahili kuelezwa katika ubora wake. Wanasema hivi: kitu cha kale kina akiba ya siku. Kila kinapotumika akiba inapungua, hata kama ni kidogo kidogo. Kitufe kinachobonyezwa kinavuta kijiti, kijiti kinafungua kilango, kilango kinasugua ngozi, ngozi inalika. Kanisa likijaa watu mia kadhaa, joto na unyevu hupanda kwa saa moja kisha hushuka, na mwanzi hutanuka na kusinyaa nao. Ongeza moshi wa magari ya Las Piñas na mtikisiko wa barabara. Rekodi nzuri za sauti zipo; atakaye kuusikia mlio ule anaweza kuusikia. Kwa nini basi kipande pekee cha aina yake kitumiwe kwa nyimbo za Jumapili ambazo kinanda cha umeme kingezitosheleza?

Jibu la kwanza ni la kifundi. Katika kinanda cha mabomba, sehemu zinazochakaa kwa kutumika na sehemu zenye thamani ya kihistoria kwa kiasi kikubwa si zilezile. Ngozi, springi, nguo za kuzuia kelele, nyuzi na vijiti viliwekwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba vitabadilishwa. Bomba lenyewe hupitisha hewa tu. Halisuguani na kitu. Mwanzi hauliki kwa kupulizwa. Unaliwa na fukusi, unaoza kwa mvua, unapasuka kwa ukavu, na maafa yote matatu hugunduliwa mapema pale tu ambapo mtu anakaa kwenye kinanda kila juma na kusikia kwamba noti fulani imeanza kulegea. Nyumba isiyokaliwa huanguka kabla ya ile inayokaliwa, na sababu ni hiyohiyo: hakuna wa kuuona ufa ukiwa bado mdogo.

Suala la joto linaonyesha jambo hilo kwa karibu. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi ndani yake, na bomba la kawaida hupanda mlio kwa takribani asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Bomba la ulimi, yaani tarumbeta, halipandi hivyo, kwa sababu mlio wake unaamuliwa zaidi na ule ulimi wa shaba. Kwa hiyo asubuhi yenye ubaridi mianzi na tarumbeta huweza kukubaliana, na adhuhuri kanisa likiwa limefurika zikagombana. Fundi hupanda na kisu kirefu chembamba, akagonga waya unaoubana ulimi, kidogo juu, kidogo chini, huku mwenzake akishikilia kitufe, mpaka ule mtetemo wa ugomvi unapotea masikioni. Kazi hiyo haiishi. Inaonekana kama mzigo, lakini ndiyo inayomleta fundi mwenye taa ndani ya tumbo la kinanda mara nyingi kwa mwaka, akapita mbele ya kila safu ya mianzi. Chombo kilichofungwa hakina sababu ya kumwita.

Jibu la pili ni la historia, na tumekwisha kulisimulia. Jaribio la kukiweka kinanda hiki kimya lilikwisha kufanywa kwa miongo, si kwa makusudi mema bali kwa maafa, na hesabu yake ilikuja kulipwa Bonn na Japani. Mtetezi wa kufuli anaweza kusema kwamba stoo ya karne ya 19 si chumba cha makumbusho cha leo, chenye mitambo ya kudhibiti hewa. Ni kweli. Lakini mitambo hiyo inakula umeme kila saa na inahitaji bajeti kila mwaka, katika nchi inayopigwa na vimbunga vingi kila msimu. Mwanzi ule ulitoka ufukweni, umekaa karne mbili katika hewa ya pwani, na hewa hiyo ndiyo iliyolazimu kuigizwa kwa gharama huko Bonn. Kujenga chumba cha kuukinga na hewa iliyouzoesha kuwa ulivyo kunahitaji utetezi mzito kuliko nilioona ukitolewa.

Je, bado ni kilekile?

Kuna pingamizi la kifalsafa linalopenda kutokea hapa: kinanda kilichofunguliwa chote, kikavushwa bahari, kikawekwa sehemu mpya, je, si nakala? Sioni kwamba pingamizi hili lina uzito linaopewa. Cera mwenyewe alibadili mawazo kati ya 1821 na 1824. Chombo hiki hakikupata kuwa na siku moja ya ukamilifu ambayo kila tengenezo tangu hapo ni upotovu wake. La kuuliza ni kama kila badiliko liliandikwa, kama cha zamani kilichoweza kutumika kilitumika, na kama kipya kinaweza kuondolewa bila kuumiza kilichobaki. Maswali hayo yana majibu ya kifundi. Lile la unakala halina jibu, na wala kinanda hakilingoji.

Kutoka Bonn hadi mtaa wa jirani

Pingamizi lililo zito kweli linatoka upande mwingine kabisa. Kama kupigwa ndiko uhai, mbona miaka ya 1970 hakuna mtu Ufilipino aliyeweza kukitengeneza? Kilitumika, angalau kwa nusu uhai wake, na bado ikabidi kisafiri nusu ya dunia. Kwa maneno mengine, matumizi pekee hayatoshi.

Hayatoshi, na hapo ndipo hoja ya kufuli na hoja ya misa zote mbili zinapopungukiwa. Kati ya Cera na Klais palikosekana kiungo: warithi wa ufundi. Padri alijenga, akafa, na hakukutokea karakana baada yake. Uamuzi wa kukipeleka Ujerumani ulikuwa sahihi kwa wakati wake, na kazi ya Klais na ya Tsuji imethibitika kwa kudumu. Lakini ungekuwa mwisho wa habari, Las Piñas ingebaki na kinanda kizima na utegemezi mzima: kila bomba likilegea, simu kwenda Bonn.

> Ukarabati wa 1975 uliwarudishia watu kinanda. Karakana iliyoanzishwa Las Piñas miaka ya 1990 iliwarudishia uwezo wa kukitengeneza.

Habari haikuishia Bonn. Kwaya ya wavulana wa Las Piñas, iliyoanzishwa na mmoja wa mapadri wa CICM, ikawa shule ya masikio. Armando Salarza, mtoto wa mji huo aliyeimba katika kwaya hiyo, alikwenda kusoma Graz na Vienna nchini Austria, akarudi kuwa mpiga kinanda mkuu wa kinanda hicho na kiongozi wa muziki wa tamasha lake. Vijana wengine walikwenda Ulaya kujifunza kujenga vinanda, na katika miaka ya 1990 ikaanzishwa Las Piñas karakana iliyopewa jina la padri mwenyewe, Diego Cera Organbuilders. Kinanda cha mianzi kilipohitaji ukarabati mwingine mkubwa, uliomalizika mwaka 2004, kazi ilifanywa na mafundi hao wa nyumbani.

Faida yake ilivuka mipaka ya parokia. Visiwa vya Ufilipino vina vinanda vingine vya enzi ya Wahispania, vingi vikiwa katika makanisa ya vijijini, vingi vikiwa vimenyamaza. Kile cha Baclayon katika kisiwa cha Bohol, cha mwaka uleule wa 1824, kilikarabatiwa na karakana hiyo na kuanza kulia tena mwaka 2008. Miaka mitano baadaye, Oktoba 15, 2013, tetemeko la ukubwa wa 7.2 likakipiga kisiwa cha Bohol. Kanisa la Loon lilibomoka lote, la Loboc likaumia vibaya, na la Baclayon likapoteza sehemu za jengo lake la mbele. Hakuna njia ya utunzaji inayozuia tetemeko. Tofauti iko asubuhi yake: kama yupo mtu ndani ya nchi anayejua bomba hili lilikaa wapi, lilikuwa na urefu gani na lililia vipi, au kama vipande vitafungwa tena kwenye masanduku vikisubiri mfadhili na meli.

Anayetaka kukifungia kinanda cha Las Piñas hana budi kueleza karakana hiyo itaishije bila kazi. Fundi wa vinanda hajifunzi kwa kutazama kioo cha makumbusho. Anajifunza kwa kuitwa Ijumaa jioni kwa sababu noti moja imekwama na misa ni kesho.

Fedha hizo zingelisha wangapi?

Swali hili huulizwa kila mahali panapotengenezwa kitu cha kanisa, na katika nchi yenye mafukara wengi kama Ufilipino si swali la ukorofi. Sitajaribu kulijibu kwa kusema kwamba utalii hulipa kila kitu. Madai ya namna hiyo hutolewa kirahisi na huhesabiwa kwa nadra. Jibu la haki ni jembamba zaidi. Parokia isiyo na kinanda cha kale haina wajibu wa kununua kimoja, na kwaya yenye ngoma na kinanda cha umeme inaweza kuabudu vizuri kabisa. Lakini aliyerithi chombo cha pekee duniani tayari ana gharama, apende asipende. Anachochagua ni kuilipa kidogo kidogo kwa mishahara ya watu wa mtaani kwake, au kuilipa kwa mkupuo kwa karakana ya mbali baada ya miaka hamsini ya kupuuza. Njia ya kwanza hubakisha ujuzi na ajira pale pale.

Hata hivyo hoja hii ina mahali inapokoma, na ni vizuri kupataja. Inategemea waumini. Nchini Uholanzi, Ujerumani na Uingereza makanisa mengi yamefungwa kwa kukosa watu, na vinanda vyake vimeuzwa, vingi vikipelekwa Poland na kwingineko ambako makanisa bado yanajaa. Huko kumwambia mtu akitunze kinanda kwa kukipiga ni sawa na kutomwambia kitu, kwa sababu hakuna misa. Kuhamisha chombo kwenda kwa wanaokihitaji ni bora kuliko kukiacha kwenye jengo tupu, na pale ambapo hakuna hata wa kukipokea, basi makumbusho na yachukue.

Las Piñas haina tatizo hilo. Tatizo lake ni kelele. Kinanda hiki kilifufuliwa katika miaka ileile ambayo, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, magitaa yaliingia kwenye misa za Ufilipino. Hati ya mtaguso huo juu ya liturujia, ya mwaka 1963, ilikipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee huku ikiruhusu ala nyingine, na parokia nyingi zilisoma ruhusa kuliko heshima. Vipaza sauti vya leo vinaweza kumzidi Cera kwa mguso wa kidole. Mianzi 902 haina jinsi ya kuongezwa sauti bila kupoteza ulaini ambao ndio sababu ya kuitunza, na hapa hakuna fundi wala makumbusho anayeweza kusaidia: ni paroko, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wanaoamua, Jumapili kwa Jumapili, ni kwa nyimbo zipi vipaza sauti vizimwe.